Karani Tini

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Debe tupu la mafuta ya taa likigongwa kwa kijiti halilii kama ngoma wala kama kengele. Linakohoa. Huku Tumbi ninakoishi siku hizi na mume wangu, jirani yetu hugonga debe kila asubuhi kufukuza ngedere kwenye mahindi yake, na kila akianza mimi huacha nilichoshika, uwe ufagio au mwiko, nikahesabu. Akigonga mara tatu akanyamaza, mikono inakufa ganzi. Akiendelea hadi ya nne na ya tano, napumua. Hao ni ngedere tu.

"Yaani mke wangu unaogopa debe," mume wangu hunicheka.

"Siogopi debe. Namsikiliza bibi yangu."

Bibi, mzaa mama, alifariki masika yaliyopita, kitandani mwake, kwa uzee mtupu. Tangu tumzike sauti ile imenikaa masikioni kuliko zamani, ndiyo maana nimeona bora niiandike, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne na mistari yangu hupanda mlima. Wenzangu wa rika langu mliokulia Kisarawe mtanielewa. Wengi wenu mna kovu la chanjo begani kama langu, duara dogo kama sarafu ya ndururu. Tofauti yetu ni kwamba kovu langu mimi, siku nilipolipata, liliandikwa kitabuni kwa jina la mtu mwingine.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Msimbu, kwenye mikorosho na mafenesi. Baba alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge kule Kibaha, akija nyumbani mwezi ukiandama. Nyumbani tulibaki watatu, bibi, mama na mimi. Ndui ilipoingia kijijini sikuiona ikiingia. Niliona kwanza watu wameacha kupeana mikono. Halafu mama akashikwa na homa, akalia mgongo, na siku ya tatu vipele vikamtoka kwenye paji la uso, vidogo kama mtama. Siku hiyohiyo tarishi wa jumbe alisimama njia panda akapaza sauti: "Kuanzia leo ni karantini. Hakuna kutoka, hakuna kuingia."

Mimi nilisikia Karani Tini.

Msinicheke. Karani nilimjua, ni mtu wa kitabu na kalamu, na alichokiandika hakifutiki kwa mate. Tini nalo nililijua kutoka chuoni, ni tunda ambalo mwalimu alisema Mwenyezi Mungu mwenyewe aliliapia. Mwalimu huyohuyo alishatufundisha kwamba kila mtu ana malaika wawili mabegani, mmoja anaandika mema na mwingine mabaya. Basi kichwa changu, ambacho hadi leo hakikosi la kuota, kikaunganisha. Kumbe yuko na wa tatu. Wale wawili wakimaliza kuandika, huja Karani Tini na kitabu chake, anaandika jina lako mara moja tu, na huonekani tena. Nilimpa kanzu nyeupe, kilemba cha kijani na miguu isiyogusa mchanga.

Maneno ya wakubwa yalinithibitishia kila kitu. "Baba yako kazuiwa na karantini." "Mama yako inabidi aende karantini." "Karantini haina huruma, mwanangu." Nilijiuliza kidogo kwa nini wanasema haina badala ya hana. Nikajijibu kwamba mkubwa wa kutisha namna hiyo hatajwi kama mtu, huenda akageuka kuangalia nani kamwita.

Mama alikwenda kwa miguu yake, kajifunika kanga mpaka machoni, bibi akamfuata nyuma na mkeka. Kambi ilikuwa porini, vibanda vitatu vya makuti nyuma ya vichaka, na njia ya kuingilia ilizibwa kwa matawi ya miiba. Amri ilikuwa kwamba aruhusiwe kupita pale mtu mwenye makovu tu, yaani aliyewahi kuugua ndui akapona, maana huyo haimpati tena. Kijijini kwetu mtu huyo alikuwa bibi yangu peke yake. Ndui ya utotoni ilikuwa imemchimba uso mzima na kumwachia jicho la kushoto jeupe. Watoto walikuwa wakimwita Bibi Fenesi tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa akicheka, akiwaambia, "Haya, njooni basi mnimenye." Siku zile za ndui aliacha kucheka.

Jumbe alimpa debe. Kila anapobeba uji kwenda kambini au kurudi, alitakiwa aligonge mara tatu, anyamaze, agonge tena, ili watu wapishe njia. Nilikuwa nakaa kizingitini nikisikiliza. Debe likikohoa, milango ya jirani inafungwa mmoja baada ya mwingine, pa, pa, pa, mpaka kijiji kizima kinabaki bibi na kuku. Akirudi, alijisugua kwa majivu nyuma ya nyumba, akaitundika kaniki ya kambini kwenye tawi la mkorosho.

"Hiyo usiiguse. Hata ikianguka, iache hapohapo."

"Mama hajambo?"

"Kalala juu ya majani ya mgomba. Mkeka unamganda mwilini, majani hayagandi. Kala uji vijiko vinne."

"Bibi, umemwona Karani Tini?"

Alikuwa amechoka, na sikio moja lilikuwa zito. "Karantini imejaa kila mahali, mjukuu wangu. Iko kambini, iko barabarani, na hapa uani tumo ndani yake."

Nikatazama pembe zote za ua. Sikukojoa nje siku hiyo mpaka jua lilipozama.

Majirani zetu wa ng'ambo ya njia walikuwa Mzee Mrisho na mkewe, na mtoto wao mmoja tu, Zena. Zena alinizidi mwaka, pengine na kidogo. Kabla ya ndui tulikuwa na mwanasesere mmoja wa gunzi, tukimlea kwa zamu, leo kwake, kesho kwangu. Ndui ilipokuja mwanasesere alikuwa zamu ya kwangu, na Zena hakuja tena kumdai.

Kisimani waliamua sisi tuchote wa mwisho. Nilikuwa nakaa mbali chini ya mbarika na mtungi wangu mdogo, nangoja wote waondoke. Asubuhi moja nilidhani wameisha, nikasogea. Zena akatoka upande wa pili, na mama yake nyuma yake. Nilikuwa nimeshachota. Zena aliokota fimbo ndefu, akauchokoa mtungi wangu mpaka ukalala na maji yote yakamwagika.

"Kaa huko. Mama yako kashaoza, bibi yako ndiye anakwenda kumla nyama."

Nikamtazama mama yake nikidhani atamgombeza. Akasema tu, "Twende mwanangu, usimsogelee," akamvuta mkono.

Nilirudi na mtungi mtupu nimejaa hasira. Bibi alikuwa kambini. Nikaketi uani, nikaomba kwa moyo wangu wote, kama mtoto anavyojua kuomba, kwamba kama Karani Tini anakuja, na amuone Zena kwanza.

Hata nusu saa haikupita, akaja.

Hakuwa na kanzu wala kilemba. Alikuwa kijana wa kaptula ya kaki, soksi zimemshuka, penseli sikioni, kitabu kirefu kwapani. Pamoja naye alikuwepo dresa wa hospitali, mtu mzima wa macho ya usingizi, na kisanduku cha dawa. Nyumba za wagonjwa ndizo walizoanza nazo. Lakini mimi niliona kitabu tu.

"Shikamoo," nikasema, maana hata mauti nadhani huamkiwa.

"Marahaba. Wakubwa wako wapi?"

"Hawapo."

"Haya, jina lako nani?"

Akaitoa penseli sikioni, akailamba ncha. Ulimi wangu ukawa mzito kama umefungwa jiwe, halafu ghafla ukawa mwepesi sana.

"Zena binti Mrisho."

Akaandika. Nikamwona akiandika. Dresa akanishika mkono, akanipangusa begani kwa kitu cha baridi, akanikwaruza kwa kijembe kidogo mpaka damu ikachungulia. Sikulia. Nilidhani ni alama wanayomwekea mwongo. Walipoondoka nikaushusha mkono wa gauni, na bibi aliporudi sikumwambia. Nilisema nimejichoma na mti wa uzio.

Kesho yake kijiji kizima kiliitwa uwanjani kwa jumbe kuchanjwa. Bibi na mimi tulikalishwa kando, chini ya mwembe, hatua ishirini kutoka kwa watu, wala hatukuitwa, maana nyumba za wagonjwa zilihesabiwa zimekwisha tangu jana. Uvumi ulikuwa umeshazagaa kwamba chanjo yenyewe ndiyo ndui, eti wanaisaga wakaichanganya na maji, na watu kadhaa walikuwa wamewaficha watoto mashambani. Mzee Mrisho alikuwa mmoja wao. Alisimama pale bila Zena, mikono nyuma. Karani akapitisha kidole kitabuni.

"Mrisho. Una mtoto mmoja, Zena. Huyu keshachanjwa jana."

 Nilimwona Mzee Mrisho akimtazama karani, akikitazama kitabu, halafu uso wake ukafunguka kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Ndiyo, bwana karani," akasema. "Zena keshachanjwa."

Tulikuwa wawili tu pale uwanjani tuliojua kwamba si kweli, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Wiki mbili hazikutimia Zena akashikwa na homa. Nimeshajiuliza mara nyingi kama ndui ilikuwa tayari mwilini mwake siku ile ya kisimani, kama hata kuchanjwa kungefaa kitu. Sijui, na hakuna wa kuniambia. Wazazi wake hawakuwa na makovu, hivyo hawakuruhusiwa kupita miiba. Aliyembeba mgongoni kumpeleka kambini ni bibi yangu. Nilisikia debe, kisha nikasikia mama Zena akilia kwa sauti iliyopasuka, "Mbebe vizuri, Bibi. Mbebe vizuri." Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwita bibi yangu Bibi pasipo Fenesi.

Mama yangu wakati huo alikuwa ameanza kupata nafuu, anaweza kukaa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpepea nzi Zena.

"Zena anakuulizia," bibi aliniambia jioni moja akijisugua majivu. "Anasema ni zamu yake ya mtoto."

Nilimleta mwanasesere wa gunzi. Bibi akampeleka. Hakurudi naye, maana vitu vya kambini havirudi. Siku tatu baadaye hakurudi tena na habari za Zena, nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa najua tangu mwanzo. Nilimpa Karani Tini jina, naye akachukua jina.

Ndipo kijiji kikageuka. Walikuja uani kwetu asubuhi kweupe, wanaume saba au wanane, wakasimama nje ya uzio kwa sababu hata kwenye hasira waliogopa kuingia. Mzee Mrisho alikuwa mbele. Macho yake yalikuwa mekundu na shati kalifunga vibaya, kifungo kimoja juu ya kingine.

"Bibi, toka nje tuongee."

Bibi akatoka. "Karibuni. Leo mmekuwa wengi. Nimepika uji, hautawatosha."

"Usitufanyie mzaha," mmoja akasema. "Mtoto wa Mrisho alichanjwa. Serikali imeandika. Aliyechanjwa hafi kwa ndui, dresa kasema kwa mdomo wake. Kafa kwa nini?"

"Kafa kwa ndui. Nimemfunga sanda mimi."

"Basi huo ni mkono wa mtu. Wewe unaingia unatoka, huugui. Mwanao anapona. Mjukuu wako hata kipele. Mtoto wa mwenzio kaingia kwa mgongo wako, kafa. Sisi watoto?"

Bibi alimtazama Mzee Mrisho kwa lile jicho zima. "Na wewe Mrisho ndivyo unavyosema? Nimemlisha mwanao uji kwa mkono huu. Kaniita mama. Niambie wewe, kwa kinywa chako."

Mzee Mrisho alifumbua mdomo, akaufumba. Leo nikiwa mtu mzima naelewa alichokuwa akikimeza. Kama angesema mtoto hakuchanjwa, angekuwa amemuua yeye mwenyewe. Bora awe bibi yangu.

"Mtoto wangu alichanjwa," akasema.

Wakavuta debe kwa mti mrefu kutoka ukutani, wakalikanyaga mpaka likawa kama sahani. Wakaburuta miiba wakaziba mlango wa uzio wetu. "Kuanzia leo Bibi Fenesi hatoki. Na chanjo hiyo watu hatuitaki, waje nayo tena waone."

"Na mwanangu huko atakula nini?" bibi akauliza.

Walikuwa wameshageuka kuondoka.

Siku mbili tulikaa ndani ya miiba. Bibi alijaribu kutoka mara moja, jiwe likamgonga kwenye kifundo cha mguu. Baada ya hapo alikaa ukutani, mguu umevimba, sufuria ya uji mapajani, uji ukiganda. Upande wa kambini kulikuwa kimya. Nilikuwa nimezoea kwamba debe maana yake ni hatari, na siku hizo mbili nikajua kwamba debe lilikuwa maana yake mama amekula. Ndiyo maana hadi leo sijui niliogope au nilipende.

Asubuhi ya tatu sauti zilipita njiani zikisema karani na dresa wamefika tena, wamefikia barazani kwa jumbe, na vijana wanakusanya mawe. Nikawaza kwa akili yangu ile. Karani Tini alitaka mtu wa nyumba hii. Mimi nilimpoteza njia, akaenda nyumba siyo. Sasa kitabu chake hakijakaa sawa, ndiyo maana haondoki, ndiyo maana amemshika mama. Akipewa jina la haki atamwachia mama, atafunga kitabu, atakwenda zake. Nililia kidogo, kwa sababu nilipenda sana kuishi. Mafenesi yalikuwa yanakaribia kuiva.

Niliyoyajua baadaye nayasema hapa, nisirudi tena nyuma. Karani alisoma kitabu chake mbele ya watu wote, akaniinua mkono wauone, na Mzee Mrisho akakaa chini palepale kwenye vumbi akakiri kwamba Zena alikuwa kafichwa shambani siku ile. Mawe yaliwekwa chini, ingawa hakuna aliyekuja kumwomba bibi radhi. Miiba tuliiondoa wenyewe. Mama alitoka kambini akiwa mifupa, uso umechimbika kama wa mama yake, na watoto wakapata mafenesi mawili ya kuyaita. Yuko hai mpaka leo. Na neno karantini niliandikiwa ubaoni na mwalimu nikiwa darasa la tatu, neno moja lisilo na mtu ndani yake. Nikacheka hadi nikatolewa nje, na nje huko sikucheka.

Lakini mwenyewe nikikumbuka huwa sifiki kote huko. Huwa naishia asubuhi ile.

Nilipita chini ya uzio, pale kuku walipochimba. Bibi alikuwa amesinzia. Nilipita nyuma ya mikorosho, nikatokea uani kwa jumbe. Karani alikuwa barazani peke yake, ameketi kwenye kigoda, viatu kavua, anakula muhogo wa kuchemsha. Kitabu kilikuwa karibu na mguu wake. Akainua macho, akaniona, na muhogo ukamdondoka.

"Wewe," akasema. Alirudi nyuma na kigoda chake mpaka ukutani. "Wewe si Zena? Nimeambiwa Zena amekufa."

Nilishangaa kwamba ananiogopa. Sikujua kama Karani Tini naye huogopa kitu. Nikapandisha mkono wa gauni, nikamwonyesha kidonda changu begani, kimeshakauka, gamba jeusi katikati.

"Zena hakuchanjwa," nikasema. "Nilikudanganya. Uliyemkwaruza ni mimi."

 Akajipangusa vidole kwenye kaptula, akakivuta kitabu, akatafuta ukurasa. 

"Basi wewe ni nani?"

Nikasogea mpaka kivuli changu kikaangukia kitabuni. Nikafumba macho. Nikalitaja polepole, asije akakosea tena: Mwamvua binti Selemani.